ALIFUKUZWA MARA TANO KWA KUSEMA MUNGU ALIKUJA MWENYEWE

Kijana mpendwa, simama kidogo usome. Karatasi hii haiuzwi, na hakuna atakayekufuata nyuma kukudai sadaka. Isome hata kama huna dini. Isome hata kama umekuja hapa uwanjani kusikiliza muziki tu, au umesukumwa na rafiki. Soma mpaka mwisho, halafu amua mwenyewe.

Nataka nikupe habari za mtu mmoja anayeitwa Athanasius. Ni Mwafrika, mzaliwa wa Misri, na alikufa zamani sana, mwaka 373. Hakuwa pande la mtu. Kaisari mmoja alimdhihaki kwenye barua yake akimwita kijitu kidogo. Lakini hicho kijitu, makaisari wanne walihangaika nacho na hawakuweza kukinyamazisha. Alifukuzwa mjini kwake mara tano. Katika miaka 45 ya kuwa askofu, miaka kama 17 aliimaliza uhamishoni au mafichoni.

Kosa lake nini? Jambo moja alikataa kulibadilisha: kwamba Yesu Kristo ni Mungu kamili, na kwamba huyo Mungu alivaa mwili wa mtu kamili akaja kukaa na sisi. Basi. Kwa hilo tu alikuwa tayari kupoteza kiti, nyumba, jina na hata roho yake.

Utaniuliza: hayo ni mambo ya maaskofu wa zamani, yananihusu nini mimi ambaye hata mlango wa kanisa siujui? Yanakuhusu sana. Ngoja uone.

KIJANA WA MJI WA BANDARI

Athanasius alizaliwa karibu mwaka 298 katika mji wa Iskanderia, pwani ya Misri. Ukifungua Biblia, Matendo 18:24, utakuta kwamba yule mhubiri hodari Apolo alitokea mji huo huo. Ulikuwa mji mkubwa wa bandari. Meli za ngano zilitoka pale kwenda kulisha miji ya kaisari. Palikuwa na wasomi, wafanyabiashara, wachawi, mahekalu ya sanamu, na kila aina ya starehe. Kama umewahi kuishi mji wa bandari, unaelewa ninachosema.

Alipokuwa mtoto mdogo tu, mwaka 303, kaisari Diocletian alianza kuwatesa Wakristo. Makanisa yalibomolewa. Maandiko Matakatifu yalichomwa moto. Watu walipelekwa machimboni, wengine waliuawa. Mwaka 311 askofu wa Iskanderia, Petro, aliuawa. Athanasius alikulia katika mambo hayo.

Hebu jiweke mahali pake. Wewe ni mtoto, na unaona watu wa mtaani kwenu, siyo mashujaa wa kwenye hadithi, wanaenda kufa bila kumkana Yesu. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliandika jambo hilo kama ushahidi. Alisema kwamba zamani kila mtu aliogopa kifo, lakini tangu Kristo alipofufuka, hata watoto na wanawake wa kawaida wanakidharau kifo kama simba aliyekufa ambaye watoto wanamchezea. Aliyaandika akiwa amekua kati ya watu wa namna hiyo.

Askofu Alexander wa Iskanderia alimwona kijana huyu ana akili na ana moto, akamchukua awe mwandishi wake na shemasi. Alisoma Maandiko mpaka yakamkaa kichwani.

WIMBO ULIOINGIA MJINI

Katika mji ule kulikuwa na mzee wa kanisa aliyeitwa Arius. Hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa msomi, mwenye maneno laini, na watu wengi walimpenda. Lakini alianza kufundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Ni kiumbe bora kuliko vyote, alisema, lakini ameumbwa, na ulikuwepo wakati ambao hakuwepo.

Arius alikuwa mjanja wa kueneza habari. Mafundisho yake aliyatia kwenye nyimbo. Nyimbo hizo ziliimbwa na mabaharia bandarini, ziliimbwa na wasaga unga, ziliimbwa na wasafiri njiani. Kijana, unajua nguvu ya wimbo. Wimbo ukishakaa kichwani unauimba tu, hata kama hujui unasema nini. Ndivyo mji ulivyoanza kuimba kwamba Yesu siyo Mungu hasa.

Watu wengine walisema mbona ni jambo dogo, hawa wanagombania maneno tu. Athanasius alikataa. Sikiliza kwa nini, maana hapa ndipo habari hii inapokufikia wewe.

JE, MUNGU ALIKUJA, AU ALITUMA MTU?

Fikiria msiba. Mama mmoja mjane amefiwa na mwanawe wa pekee. Yuko tajiri mmoja pale mtaani, mkubwa kweli kweli. Tajiri anaweza kumtuma dereva wake na bahasha ya rambirambi. Watu watashukuru, siyo vibaya. Lakini je, akija mwenyewe? Akavua viatu mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka, akanywa maji ya kikombe kile kile, akalia na mama yule, akabeba jeneza begani, akashika koleo kaburini? Hilo halisahauliki. Mama yule atalisimulia mpaka anaingia kaburini naye.

Sasa, kama Arius alisema kweli, basi Mungu hakuja msibani kwetu. Alituma mtu. Mungu mwenyewe alibaki mbali huko juu, hajawahi kugusa vumbi letu wala kuonja machozi yetu. Alimpeleka kiumbe chake kikateseke, yeye akabaki salama. Mungu wa namna hiyo unaweza kumwogopa, lakini utampendaje?

Tena kuna jambo la pili. Anayezama hawezi kumwokoa anayezama mwenzake. Mwenye deni hawezi kulipa deni la wadeni wote. Kama Yesu ni kiumbe kama sisi, naye anaishi kwa kupewa uzima, basi uzima wa kutugawia sisi ataupata wapi? Athanasius aliona kwamba hapa wokovu wote unaanguka. Ndiyo maana alishika kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Akiwa bado kijana aliandika kitabu kidogo juu ya Neno wa Mungu kufanyika mwili. Ndani yake kuna mifano ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Alisema picha ya mtu iliyochorwa kwenye ubao ikiharibika kwa uchafu, ubao hautupwi. Yule mwenye sura anakuja mwenyewe, anakaa tena mbele ya mchoraji, na sura inachorwa upya juu ya ubao ule ule. Sisi ndio ubao. Tuliumbwa kwa mfano wa Mungu, dhambi ikatuchafua. Mungu hakututupa. Mwenye sura akaja mwenyewe.

Alitoa na mfano mwingine. Mfalme akiingia katika mji mkubwa akakaa katika nyumba moja tu, mji mzima unapata heshima, na majambazi wanaogopa kuuvamia tena. Vivyo hivyo Mwana wa Mungu alipoingia katika mwili mmoja, mwili kama wako, wanadamu wote walipata heshima, na yule jambazi anayeitwa kifo alipata mwenye nguvu kuliko yeye.

MKUTANO WA NICAEA

Ugomvi ulipozidi, kaisari Constantine aliita mkutano mwaka 325 katika mji wa Nicaea, nchi ambayo leo ni Uturuki. Walifika maaskofu kama 300. Wengine kati yao walikuwa na makovu ya mateso miilini mwao. Athanasius alikwenda na askofu wake akiwa shemasi tu, kijana wa chini ya miaka 30.

Mkutano uliamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, Mungu kweli, hakuumbwa. Maaskofu wawili tu kutoka Libya waligoma kabisa, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Arius. Imani iliyoandikwa pale ndiyo msingi wa ile ambayo makanisa mengi ulimwenguni yanaikiri mpaka leo. Mwaka 2025 Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliadhimisha miaka 1,700 ya mkutano huo.

Ungedhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza! Mwaka 328 askofu Alexander alifariki, na Athanasius, akiwa na umri wa kama miaka 30, akawekwa kuwa askofu wa Iskanderia. Upande wa Arius ukapata marafiki ikulu, na upepo ukageuka. Kaisari alitaka amani tu. Alimwagiza Athanasius ampokee Arius kanisani, yaishe. Athanasius akasema hapana.

MKONO ULIOKATWA

Maadui walipoona hatishiki, wakamtafutia kesi. Walisema amemuua askofu mmoja aliyeitwa Arsenius, na kwamba amemkata mkono ili aufanyie uchawi. Walionyesha hata mkono wenyewe, umekauka, ndani ya sanduku.

Mwaka 335 akaitwa kwenye baraza katika mji wa Tiro. Lakini watu wake walikuwa wamemtafuta Arsenius, wakamkuta mzima, amefichwa! Inasimuliwa kwamba Athanasius alimwingiza barazani amefunikwa vazi. Akawauliza kama wanamfahamu Arsenius. Wakasema wanamfahamu. Akafunua vazi, kumbe ni yeye, yuko hai. Akafunua mkono mmoja. Akangoja kidogo, akafunua wa pili. Kisha akawataka waonyeshe mkono wa tatu ulikatwa sehemu gani.

Unacheka? Cheka, lakini jua kwamba hata hivyo walimhukumu. Ndivyo dunia ilivyo. Ukitaka haki ya dunia hii ikutetee, utangoja sana. Baadaye wakamfikishia kaisari habari kwamba Athanasius ametishia kuzuia meli za ngano zisitoke Iskanderia. Hapo kaisari hakutaka kusikia zaidi. Mwaka huo huo alimpeleka Trier, mji ambao leo uko Ujerumani. Mtu wa jua la Misri, akatupwa kwenye baridi, mbali na watu wake, kwa kosa ambalo alilikana.

ALIPOFUKUZWA TENA NA TENA

Constantine alikufa mwaka 337, Athanasius akarudi. Mwaka 339 akafukuzwa tena, na askofu mwingine akaingizwa mjini kwa nguvu za askari. Alikwenda Roma. Alikaa nje mpaka mwaka 346. Alipoingia Iskanderia tena, watu walitoka kwa makundi kwenda kumlaki njiani kwa furaha kubwa.

Akapata miaka kama 10 ya kufanya kazi. Kisha ukaja usiku mmoja wa Februari mwaka 356. Watu walikuwa kanisani kwenye mkesha wa maombi. Ghafla kanisa likazingirwa na askari, zaidi ya 5,000, kama alivyoandika mwenyewe. Watu wakamsihi akimbie. Akakataa. Akakaa kwenye kiti chake, akamwagiza shemasi asome Zaburi ile ya 136 inayorudia kwamba fadhili za Mungu hazina mwisho, na watu waitikie. Milango ikavunjwa. Mishale ikaanza kuruka, panga zikang'aa kwenye mwanga wa taa. Yeye alisema hatatoka mpaka watu wake watoke kwanza. Watu wengi walipokwisha kutoka, watumishi wenzake wakamkamata, wakamburuta karibu amezimia, wakapita naye katikati ya askari, asionekane.

Kwa miaka kama sita alijificha kwa watawa wa jangwani na penginepo Misri. Alihamishwa kutoka mahali hata mahali. Hakuna aliyemuuza. Huko mafichoni hakukaa kulia. Aliandika vitabu.

Mwaka 362 kaisari Julian, ambaye alitaka kurudisha ibada ya sanamu, alimfukuza mara ya nne. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikimbia kwa mashua mto Nile, aliambiwa askari wanamfuata nyuma. Akaamuru mashua igeuzwe irudi walikotoka. Wakakutana na askari uso kwa uso. Askari wakauliza kama Athanasius yuko mbali. Wakajibiwa kwamba hayuko mbali, wapige makasia haraka. Askari wakapita mbio! Yeye akarudi mjini taratibu.

Julian aliuawa vitani mwaka 363. Kaisari Valens akamfukuza mara ya tano mwaka 365, naye akajificha miezi michache. Inasemekana alikaa kwenye kaburi la familia yao. Watu wa Iskanderia walichachamaa mno hata Valens akaona heri amrudishe, mwaka 366.

Mwaka 367 aliandika barua kwa makanisa akataja vitabu 27 vya Agano Jipya. Hiyo ndiyo orodha ya kwanza tunayoijua inayolingana sawasawa na Agano Jipya unaloliona leo mkononi mwa mhubiri. Pia ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu, akaenda kulisha kanisa la Aksum, Ethiopia. Tarehe 2 Mei 373 Athanasius alikufa mjini kwake, kwa amani, akiwa mzee. Hakuona ushindi. Ni mwaka 381, miaka minane baadaye, mkutano mwingine wa Constantinople ulipothibitisha imani ile aliyoitetea.

Sikwambii habari hizi ili umwombe Athanasius. Amekufa, hasikii maombi yako. Wala hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na maadui wake walilalamikia ukali wake. Nakwambia ili umtazame yule ambaye Athanasius hakukubali kumpunguza.

SASA NI ZAMU YAKO

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wewe labda umeshasema moyoni: Mungu yuko juu, ana raha zake, atajuaje kunguni wa kitanda changu? Atajuaje kulala njaa? Atajuaje kuzika baba na mama, kulelewa kwa shangazi asiyekutaka? Atajuaje kumaliza shule, kuzunguka na vyeti mpaka soli ya kiatu imeisha? Atajuaje kusalitiwa na mtu uliyempa moyo wako wote?

Kijana, kitanda hiki amekilalia.

Alizaliwa akalazwa mahali pa kulishia ng'ombe. Angali mtoto mchanga alikuwa mkimbizi, wazazi wake wakamkimbiza Misri kumwepuka mfalme muuaji. Ndiyo, Misri, bara letu hili lilimpa hifadhi (Mathayo 2). Alifanya kazi ya useremala, akajua malengelenge ya mikono (Marko 6:3). Alichoka akakaa kando ya kisima akaomba maji (Yohana 4). Alichoka tena akalala kwenye chombo wakati wa dhoruba (Marko 4). Ndugu zake mwenyewe hawakumwamini (Yohana 7). Rafiki aliyekula naye alimuuza kwa fedha. Alilia kwenye kaburi la rafiki yake, ingawa alijua kwamba baada ya dakika chache atamfufua (Yohana 11). Alishtakiwa kesi ya uongo. Alipigwa na askari. Alivuliwa nguo mbele za watu. Alikufa akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu.

Huyo ndiye Mungu aliyekuja mwenyewe. Yohana 1:14 inasema habari hiyo. Waebrania 4:15 inasema kwamba tunaye anayeweza kuchukuliana na udhaifu wetu kwa sababu alijaribiwa kama sisi, ila hakutenda dhambi. Waebrania 2:14 inasema alishiriki damu na nyama ili kwa kufa kwake amharibu ibilisi mwenye nguvu za mauti.

Umeona uzuri wake? Kama angekuwa mtu tu, angekulilia lakini asingeweza kukuokoa. Kama angekuwa Mungu asiyevaa mwili, angekuwa na uwezo lakini asingejua kunguni wa kitanda chako. Yeye ni vyote viwili. Anajua, na anaweza!

Wengine wanasema haiwezekani Mungu awe mtu, ni aibu kwake. Mimi nakuuliza: mama akiingia kwenye tope kumtoa mtoto wake aliyekwama, ameaibika? Tope limemfanya asiwe mama? Hapo ndipo unajua kwamba huyu ni mama hasa. Mungu hakupungua alipokuja. Upendo wake ulionekana.

Na hapa ndipo pa faraja yako hata baada ya kuokoka. Sitakudanganya kwamba ukimpokea Yesu shida zote zitaisha kesho. Athanasius alimpenda Yesu na akafukuzwa mara tano. Ila popote alipofukuziwa, kwenye baridi ya Trier, jangwani, kaburini, alimkuta Yesu ameshafika. Hakuna giza utakaloingia ukamkuta Yesu hajapita hapo. Hata kaburini alikwishaingia, akatoka siku ya tatu. Ukilala usiku unalia, humwambii habari mpya mtu asiyejua kulia. Unaongea na aliyelia.

USIMWACHE MLANGONI

Mfalme aliingia mjini akakaa nyumba moja. Leo anabisha kwenye nyumba yako, ndiyo huo moyo wako. Jambazi yumo ndani: ulevi, bangi, uzinzi, hirizi za mganga, chuki, uchungu wa zamani. Umejaribu kumtoa mwenyewe umeshindwa. Umeahidi mara ngapi mwaka mpya ukija utaacha? Jambazi hatoki kwa ahadi. Anatoka anapoingia mwenye nguvu kuliko yeye.

Usisubiri kwanza ujisafishe. Aliyelazwa mahali pa kulishia ng'ombe haogopi uchafu wa kwako. Usiseme kesho. Wangapi ulikaa nao kijiweni mwaka jana na leo hawapo?

Kama uko tayari, hapo hapo ulipo, funga macho, sema kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, nakuja kwako jinsi nilivyo. Mimi ni mwenye dhambi. Nimesikia kwamba hukutuma mtu, ulikuja mwenyewe, ukavaa mwili kama wangu, ukafa kwa ajili yangu msalabani, ukafufuka. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, umfukuze kila adui. Chora upya sura ya Mungu ndani yangu. Nijaze Roho wako Mtakatifu nipate nguvu za kukufuata. Toka leo mimi ni wako. Amina.

Umesema kwa kumaanisha? Haleluya! Malaika mbinguni wanashangilia. Sasa fanya mambo manne. Kwanza, mwambie yule aliyekupa karatasi hii kwamba umeokoka, aombe pamoja nawe. Pili, tafuta Biblia au Agano Jipya, anza Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Tatu, tafuta kanisa la karibu linalohubiri wokovu, ujiunge na vijana wenzako, ubatizwe. Nne, ongea na Yesu kila siku kwa lugha yako ya kawaida, hata ukiwa kwenye foleni ya maji au kwenye daladala. Anaielewa. Alikaa mtaani miaka 30 kabla hajaanza kuhubiri.

Na wewe ambaye hujaamua, usiitupe karatasi hii. Ikunje, iweke mfukoni. Uko usiku utakuja ambao marafiki wote hawapokei simu na ukuta ndio unaokutazama. Usiku huo uifungue tena. Utakumbuka kwamba Mungu unayemdhania yuko mbali alishakuja mwenyewe, na hajaondoka mlangoni kwako.

Mungu akubariki.